Mgeni wa Mbeti

Mimi ni mtu wa kuudhika haraka, na kazini walinijua hivyo. Katika kampuni yetu ya yogati pale Nyeri mjini nilikuwa afisa wa shule na vilabu. Maana yake ni kwamba kila tulipotaka kupeleka jina letu mbele ya watoto, iwe shuleni au kwenye klabu ya mpira ya vijana kule Karatina, lazima mambo yapitie kwangu kwanza. Vijana wa mauzo waliniita Madam Hapana. Walidhani sijui.

Jina lenyewe nilistahili. Kabla yangu, kampuni ilikuwa ikiingia shuleni jinsi watu wanavyoingia sokoni. Ilipaka ukuta wa darasa rangi yetu ya buluu na kuandika bei juu yake. Iliwagawia watoto wa nasari vikombe vya bure asubuhi, kisha jioni watoto wanajitupa chini mbele ya maduka wakiwalilia mama zao. Nikakaa nikaandika mwongozo, kurasa chache tu, wa namna ya kushirikiana na shule bila kuwafanya watoto chambo. Hakuna kuuza darasani. Hakuna kumpa mtoto kitu cha kuonja kama mzazi wake hayupo kando yake. Hakuna kumpiga mtoto picha mpaka mzazi akubali, shule ikubali, mtoto mwenyewe akubali, na mimi nithibitishe kwamba hakusukumwa. Na kila mfanyakazi wetu akiwa shuleni avae fulana ya kampuni, ijulikane ni nani na ametumwa na nani. Shule kadhaa ziliupenda mwongozo huo, zikauchukua na kuufanya wao. Nilijivunia sana.

Nyumbani sikuwa na mtu wa kumwambia hayo. Ninaishi Kamakwa, nyumba ya vyumba viwili. Mume wangu alihamia Nanyuki kwa mwanamke mwingine zamani, na sisi hatukuwa tumejaliwa mtoto. Mama yangu alipofariki, ndugu zangu walianza kugombania shamba, nikaacha kwenda huko. Jioni nikifika huwasha redio kabla ya kuwasha taa. Mwezi wa saba, ukungu ukishakaa juu ya Nyeri, unaweza kutoka Ijumaa jioni ukafika Jumatatu bila mtu yeyote kutaja jina lako. Mimi nimekaa hivyo mara nyingi. Huo ni upweke, na sijawahi kuutafutia jina la heshima.

Sasa, Mbeti. Shule yao ni ya wasichana, ya bweni, iko juu ya Gakindu, katikati ya mashamba ya kahawa. Nilipeleka meza yetu huko Jumapili ya wageni. Yeyote aliyesoma bweni anaijua siku hiyo. Familia zinafika na hotpoti na leso, zinatanda nyasi yote ya shule, na kila mtu anakula kwa bidii. Akina mama wanawasuka mabinti nywele palepale. Akina baba wachache waliokuja wanasimama kando wakishika simu, maana kukaa chini kwenye nyasi na kula chapati wanaona si kazi ya mwanamume. Na popote palipo na siku ya wageni, kuna wale wasiotembelewa. Hawa huwaoni kwa urahisi. Wanajua kujificha.

Msichana mmoja mrefu, sweta imemfupia mikononi, alikuja kwenye meza yangu akaangalia vikombe.

"Mzazi wako ako wapi?" nikamuuliza.

"Anakuja. Ako Sagana."

"Sawa. Akifika mkuje pamoja, nitawapea."

Akaenda. Baadaye akarudi, na nyasi tayari ilikuwa imejaa mifupa ya kuku. Nikamuuliza tena.

"Bado ako Sagana," akasema. "Ati kuna jam."

Hakurudi tena. Nilipokwenda kuchota maji ya kunawa nilimkuta kwenye tangi nyuma ya mabweni, anafua sweta yake. Sweta ilikuwa safi. Aliikamua, akaitazama, akairudisha kwenye beseni na kuanza upya. Nilielewa pale pale, na nikashikwa na hasira. Sikujua ni hasira kwa nani. Kanuni ile ya mzazi kando niliiandika mimi, kwa ajili ya kuwalinda watoto, na huyu hapa alikuwa ameulizwa na mtu mzima, mbele ya meza, swali lile lile alilokuwa akilikimbia tangu asubuhi.

Yogati sikumpa. Kanuni ni kanuni. Lakini nilikuwa na chakula changu kwenye mkoba, mkate na mayai ya kuchemsha na ndizi, na hicho hakikuwa cha kampuni. Nikaketi kwenye ukingo wa saruji, nikamwambia mayai ni mengi na mimi siyamalizi. Alikula pole pole. Aliniambia anaitwa Mbeti, yuko kidato cha pili, kwao ni Mwea. Mama yake yuko Saudi, anafanya kazi za nyumbani kwa watu, na simu yake hushikwa na mwajiri. Anayemlea ni mjomba wake, Mbogo, mkulima wa mpunga.

"Uncle yako hakujangi?"

"Yeye hulipa fees," akasema, akimtetea. "Anasema visiting ni ya akina mama."

Muhula uliofuata nilirudi. Meza ya kuonja ilikuwa kisingizio. Niliamka alfajiri nikapika minji na viazi na kuku, nikakunja chapati kwenye kitambaa, na nilipofika nilimwachia msaidizi wangu meza nikamtafuta Mbeti. Alinionyesha madaftari yake. Anapenda kemia, na maandishi yake ni mabaya mno. Muhula mwingine nikaja tena, na mwaka ulipogeuka nikaja tena. Nilimletea sabuni, pedi, soksi za shule. Nilimsuka nywele, mimi ambaye sijawahi kumsuka mtoto yeyote, nikamvuta mpaka akalia kidogo, kisha tukacheka. Aliniita "madam." Kuna siku nilingoja aniite "tata," kama watoto wetu wanavyomwita shangazi au mama mdogo. Nililitaka jina hilo kupita nilivyotaka kitu chochote mwaka ule. Sikumwambia. Mtu wa umri wangu angeombaje jina?

Mambo yakafika kwa meneja wangu, Ben. Alikuwa mgeni kwetu, kijana mpole kutoka Nairobi, na aliangalia safari zangu akashangaa kwa nini nimeipelekea meza shule moja ndogo ya Gakindu mara nyingi kuliko Nyeri mjini. Mimi siwezi kudanganya nikiulizwa waziwazi. Nikamweleza. Ben alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, na nikaona macho yake yamelowa.

"Mimi pia, madam," akasema. "Form One mpaka Form Four. Hakuna mtu alikuja. Nilikuwa najifanya niko na kazi ya library."

Nilimpenda siku hiyo, kusema kweli. Kisha akarudisha miwani.

"Madam, hii ndio campaign. Unaona? Hii ndio yenyewe."

Akaipanga wiki hiyo hiyo. Ingeitwa Kila Mtoto na Mgeni Wake. Wafanyakazi wetu wangekwenda shule nyingi, kutoka Kerugoya mpaka Nanyuki, kila Jumapili ya wageni, wakae na wasiotembelewa. Kungekuwa na hema la buluu na chakula. Kungekuwa na filamu fupi ya kuonyeshwa kwenye televisheni na kwenye simu, na katika filamu hiyo, Mbeti anangoja peke yake langoni, halafu mimi naja na kikapu. Shule ya Mbeti ingepewa matangi mawili makubwa ya maji, ambayo iliyahitaji kweli.

Nikamwambia hema hilo litakuwa tupu. Mtoto aliyeshinda siku nzima akificha kwamba hana mgeni hatakuja kuketi chini ya hema la buluu linalotangaza kwamba hana mgeni. Ben akaandika hilo, akaliondoa hema. Nikamwambia mwongozo unasema mzazi akubali. Akampigia Mbogo simu mbele yangu, akafungulia sauti.

"Picha si shida," Mbogo akasema, na nyuma yake tulisikia maji ya mfereji na mtu akifukuza ndege mpungani. "Bora msimharibie masomo. Kampuni ni nzuri. Hata hapa tunanunua."

Nikamwambia shule lazima ikubali. Mwalimu mkuu, Bi Watiri, alikubali kabla Ben hajamaliza kusema matangi. Nikamwambia mtoto mwenyewe aulizwe, bila kusukumwa, mwalimu wake akiwepo, na aambiwe kwamba anaweza kukataa. Wakamuuliza hivyo hivyo. Ben alifuata mwongozo wangu kipengele kwa kipengele, hata mimi sijawahi kuufuata hivyo. Na Mbeti akasema ndiyo.

Nilikuwa nimeweka tumaini langu lote kwamba atasema hapana. Nilimjua. Msichana aliyefua sweta safi tena na tena ili watu wasijue, leo anakubali nchi nzima ijue? Ilibaki sahihi yangu tu. Nikaomba nikae naye kwanza, sisi wawili, na tukaketi kwenye benchi nyuma ya bwalo la chakula.

"Mbeti, unajua unaweza kataa? Hakuna mtu atakasirika."

"Najua. Waliniambia."

"Na unajua hiyo video itaonwa na kila mtu? Class yenu. Watu wa Mwea. Kila mtu atajua ati ulikuwa unakaa bila mgeni."

Akavuta mikono ya sweta. "Najua."

"Sasa unakubali kwa nini?"

"Madam, si umenipea vitu mob sana?" Aliongea kwa upole, kama mtu anayemweleza mwenzake hesabu rahisi. "Chapo, sabuni, kila kitu. Kampuni imenisaidia. Sasa wakitaka picha tu, nitakataa aje?"

Nikamwambia vile vitu havikuwa vya kampuni.

Hakuelewa. Aliniangalia usoni, kisha akaiangalia fulana yangu ya buluu, yenye jina la kampuni kifuani. Niliivaa kila nilipokuja, kwa sababu mwongozo ulisema tuivae, na mwongozo niliuandika mimi. Sikuwahi kufika mbele yake bila fulana ile.

"Lakini wewe hutumwa na wao," akasema. "Si ndio sababu ulikuwa unakuja?"

"Sikutumwa. Nilikuwa nakuja tu mwenyewe."

"Kunifanyia nini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma. Alikuwa amekaa nami mwaka mzima na zaidi akila chapati nilizopika alfajiri, akijua kwamba yuko kazini kidogo, kwamba siku moja atatakiwa kulipa, na akawa tayari kulipa bila manung'uniko, kwa kuwa ni mtoto mwenye adabu. Na mimi katika mwaka huo huo nilikuwa nimejiona mtu wa mtu. Nilimwambia aende darasani, kengele ilikuwa imelia.

Ben alikuwa akiningoja ndani ya gari na karatasi yake.

"Sitasaini," nikamwambia.

"Madam, kila mtu amekubali. Umesikia mwenyewe."

"Amekubali kwa sababu anafikiri ananilipa."

"Anakulipa nini sasa?"

"Kuja kumwona, Ben. Anafikiri kumwona ni kitu cha kulipiwa, na sisi ndio tumemfunza hivyo. Nitaandikaje ati hakusukumwa?"

Alikasirika, na sikumlaumu. Alisema mwongozo wangu umeandikwa ili usiruhusu chochote, hata jambo jema. Alisema kwa sahihi yangu moja watoto wa shule nyingi watakosa mgeni. Inawezekana alisema kweli, na mpaka leo nikilifikiria nachoka. Lakini sikusaini, na bila sahihi Mbeti hakupigwa picha.

Kampuni ilihamishia filamu shule nyingine, kwa msichana mwingine, na afisa mwingine akathibitisha. Niliiona kwenye simu nikiwa nasubiri chai hotelini. Ilitengenezwa vizuri. Watu pale mezani walifuta machozi. Mimi nilitolewa kwenye shule na vilabu, nikapewa kazi ya kukagua friji zetu madukani, Mweiga mpaka Naro Moru, kuona kama wenye maduka wanaweka yogati ya watu wengine ndani yake. Ni kazi isiyohitaji kuongea na mtu sana. Bi Watiri, aliyekosa matangi yake, aliacha kupokea simu zangu.

Muhula ukaenda. Sikuwa na uhakika kama niende. Lakini nilijiambia hivi: ameniuliza ninakuja kumfanyia nini, na sikumjibu. Jibu ni kwenda bila fulana. Nikifika nimevaa gauni langu la kanisani, bila gari la kampuni, bila meza, ataona mwenyewe na sitahitaji kueleza. Nilipika tangu usiku. Asubuhi nilipanda gari mpaka Gakindu, nikapanda kilima kwa miguu nikiwa na kikapu, jasho linanitoka hata katika baridi ile, na nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilikuwa hata nimefanya mazoezi ya maneno.

Langoni alikuwepo Mugo, mlinzi, mzee mwenye heshima zake. Alinijua.

"Karibu, madam. Kadi?"

"Kadi gani tena?"

"Kadi ya mzazi. Siku hizi hakuna kuingia bila hiyo. Zamani ulikuwa unaingia na barua ya kampuni."

"Leo sijakuja na kampuni. Nimekuja kuona Mbeti wa Form Three."

Mugo alikuna kidevu. Alionekana akinihurumia, na mimi huchukia sana kuhurumiwa. "Sasa, madam, wewe ni nani wake?"

Nyuma yangu foleni ya akina mama ilikuwa inasukuma, kila mmoja na kadi yake mkononi, na kila mmoja alikuwa mtu wa mtu. Bi Watiri alipita ndani ya lango akaniona. Hakuja na kelele. Alisema tu kwamba shule hairuhusu mtu asiye wa familia kumwona mtoto mpaka mlezi wake akubali, na kwamba nikitaka naweza kumpigia mlezi. "Hiyo rule tulitoa kwa mwongozo wako wewe mwenyewe, Warigia," akasema, "na ni rule mzuri."

Namba ya Mbogo nilikuwa nayo tangu Ben alipompigia. Nikasogea kando nikapiga.

"Ni nani?" Maji ya mfereji tena.

"Naitwa Warigia. Nataka kumwona Mbeti hapa shule, wanasema lazima ukubali."

"Aa, kampuni ya yoghurt?"

"Hapana. Si kampuni. Ni mimi tu."

"Wewe tu nani?"

"Nilikuwa nakuja kumwona kila visiting."

"Kwa nini? Wewe hauna watoto yako?"

"Sina."

Nilipolitamka neno hilo nilijua nimeharibu.

"Sasa skiza, mama," akasema. "Mtu wa kampuni najua anataka nini. Anataka kuuza maziwa. Wewe sijui unataka nini na mtoto wetu."

"Nataka tu asikae peke yake siku kama hii. Watoto wote wako na watu, yeye anajificha kwa tangi anafua nguo."

"Ati anajificha?" Sauti yake ikapanda. "Ati hana watu? Huyo mtoto ako na watu yake!" Akakata.

Nilibaki na simu sikioni. Nilimkasirikia sana mtu yule, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba alikuwa sawa. Mwanamke asiyejulikana, asiye na mtoto, anampigia mlezi akitaka kuketi na msichana wa watu na hawezi kueleza kwa nini. Angeniletea mtu habari hiyo ofisini, ningesema hapana kabla hajamaliza sentensi.

Ningerudi nyumbani, lakini nyumbani kulikuwa na nini? Ng'ambo ya barabara kuna kibanda cha chai chenye benchi mbele. Nikaketi hapo na kikapu changu. Niliwaona watu wakiingia na kutoka. Chai niliyoagiza ilipoa, na mwenye kibanda akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia naumwa, maana ilikuwa rahisi kuliko mengine. Nilitaka kulia na sikulia.

Alasiri pikipiki ikapanda kilima kwa kelele, yenye vumbi la safari ndefu, ikasimama karibu nami. Mwanamume aliyeshuka nyuma alikuwa amevaa koti zuri la suti juu ya suruali yenye matope yaliyokauka mpaka magotini. Alimlipa mwenye pikipiki, akajikung'uta, akaliangalia lango kama anaogopa kidogo.

"Mama, ni hapa kuna visiting?"

Nilimjua kwa sauti.

"Ni hapa," nikasema.

"Na wanaume wanaingia?"

"Wanaingia."

Akaitikia kwa kichwa, lakini hakuondoka. Familia moja ilipita ikiwa imebeba hotpoti na soda, naye akaitazama mikono yake mwenyewe. "Hata sijabeba kitu," akaniambia, jinsi watu wanavyowaambia wapita njia mambo ambayo hawawezi kuwaambia jamaa zao. "Nimetoka shamba hivi hivi. Kuna mwanamke amenipigia simu asubuhi akanikasirisha. Ati mtoto wetu anajificha kwa tangi. Nilijaribu kufanya kazi, nikashindwa."

Ningeweza kumwambia ni mimi. Neno lilikuwa limeshafika kinywani. Angeniomba msamaha, pengine, au angenishukuru, pengine tungeingia pamoja, na mimi ningepata nafasi yangu kwenye nyasi. Lakini Mbeti angetoka akatukuta wawili, na tena angelazimika kujiuliza nani amemtuma nani. Mjomba aliyekuja mwenyewe ni kitu kimoja. Mjomba aliyeletwa na madam wa yogati ni kingine kabisa.

"Chukua hii," nikasema, nikamsogezea kikapu. "Ni chapati na kuku na minji. Ziko kwa hotpoti, ziko moto bado."

"Na mtoto wako je?"

"Nilimpikia mtu na sikuweza kumwona. Chukua. Vyombo utaachia soja hapo kwa gate."

Alikataa kwanza, kama inavyopasa, kisha akachukua kwa mikono miwili. "Mungu akubariki, mama," akasema. Akatoa kwenye pochi kadi ya mzazi, mpya kabisa, haijawahi kukunjwa, akavuka barabara. Mugo aliisoma, akamfungulia, kisha akamtuma mtu amwite msichana. Macho ya Mugo yalinipata mimi kwenye benchi na kile kikapu mkononi mwa mtu mwingine, na kwa bahati yangu mzee yule hakusema kitu.

Nilisimama ili nione. Mbeti alijitokeza pembeni mwa bwalo, anakuja pole pole, anafunga vifungo vya sweta, uso wake umeshatengenezwa kwa ajili ya mgeni. Niliujua uso huo. Niliuona mwaka mzima nikidhani ndio uso wake. Kisha akamwona aliyesimama langoni, na uso ule ukaanguka wote.

"Uncle!" akapiga kelele, na akakimbia. Alikimbia vibaya, miguu imetupwa huku na huku, kiatu kimoja kikamtoka akakiacha nyuma, watu kwenye nyasi wakasogeza leso zao kumpisha, na Mbogo akalazimika kuinua kikapu juu ili kisimwagike.

Kwangu mimi alikuwa akija akitembea.